Kisanduku cha Katikati

Kila siku ya mdahalo, Zulema alijipaka rangi ya mdomo. Hakuwa mtu wa kujipamba. Kanisani alikwenda na uso wake ulivyo, dukani vivyo hivyo, na hata kwenye harusi ya binamu yake alitokea na nywele alizozichana kwa vidole. Lakini Jumapili ambazo wagombea wa ugavana walikutana kwenye televisheni, alisimama mbele ya kioo cha bafuni, akaukaza mdomo na kupaka rangi nyekundu ya zamani, iliyobaki kidogo tu chini ya kichupa hata ikabidi aichokonoe kwa njiti ya kiberiti.

"Unakwenda wapi, Mama?" Ayelén alimwuliza siku ya mdahalo wa kwanza.

"Siendi popote. Wanakuja wao." Akajitazama upande mmoja, kisha wa pili. "Mtu akija kulitaja jina la mwanangu mbele ya jimbo zima, nimpokee na uso wa jikoni?"

Na kweli lilitajwa. Gavazzi, yule mgombea mwenye nywele nyeupe na sauti ya kasisi, aliitazama kamera akasema kwamba hatamsahau Nahuel, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka kazini kwenye tanuri la mikate, daraja la waendao kwa miguu likakatika chini yake siku ya dhoruba. Daraja lenyewe lilikuwa limezinduliwa mara tatu, kila mara kwa utepe mpya na bendi ya shule, na halikumalizwa hata mara moja. Zulema alilia kwa sauti. Kisha akaosha uso, akala sahani nzima ya tambi, jambo ambalo Ayelén hakuwa amelishuhudia tangu mazishi. Asubuhi yake alimkuta mama yake nje, amepiga magoti kwenye udongo, anapanda vitunguu.

Kwenye mdahalo wa pili wagombea wote wawili, Gavazzi na yule mwanamama Irigoitia, waligombana kuhusu nani aliyejenga daraja na nani aliyekula saruji. Jina likarushwa huku na huku kama mpira. Mtu mwingine angeumia. Zulema aliliokota kila lilipoanguka. "Wamemtaja tena," alikuwa akisema. "Umesikia, Ayelén? Tena."

Ayelén alisikia, ila si kwa televisheni. Midahalo aliifuata kwa simu, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, mgongo umeegemea friji. Hakuweza kuwatazama wale watu usoni. Alichoweza kukivumilia ni mdahalo uliokatwakatwa na watu wengine: picha moja, sentensi moja, mzaha mmoja, halafu mwingine. Tena kulikuwa na jambo la pili. Dhoruba iliyochukua daraja ilichukua na antena yao, na tangu hapo televisheni yao ilipokea picha kwa njia ya intaneti, ikichelewa karibu nusu dakika. Mjomba Rolo, mdogo wake Zulema, hakuacha kulalamika. "Nyumba hii," alikuwa akisema, "goli tunalisikia kwa jirani Pocha kabla mchezaji hajafunga kamba za viatu." Kwa mpira ilikuwa karaha. Kwa midahalo, Ayelén aligundua kwamba ile nusu dakika ilikuwa yake. Chochote kitakachomfikia mama yake kilipita kwanza mkononi mwake.

Na vilipita vingi. Huko kwenye simu watu walikuwa wakicheka. Hawakumcheka Nahuel mwenyewe, alijaribu kujiambia, waliwacheka wagombea. Lakini mtu fulani alikuwa amemkata Gavazzi kutoka kwenye picha, akamwekea taji la mwanga kichwani, akaandika chini: *Nahuel, niombee kura.* Stika hiyo ilifika kwenye kundi la wasapu la chuoni, chuo cha ualimu mjini, saa moja kwa basi kutoka nyumbani. Wote wakabandika nyuso za kucheka. Ayelén hakubandika kitu, mpaka Guadalupe, anayekaa naye dawati moja, alipouliza: *Aye, umelala?* Naye akabandika. Kale kauso ka manjano kanakotoa machozi kwa kicheko.

Pale chuoni hakuna aliyejua. Nahuel alikuwa wa baba mwingine na jina lingine la ukoo, na Ayelén alikuwa amesema tu, mwaka wa kwanza, kwamba kaka yake alifariki kwa ajali. Guadalupe alimshika mkono, hakuuliza zaidi. Ilikuwa imemtosha wakati ule. Sasa kale kauso ka manjano kalikuwa kamekaa tumboni mwake wiki mbili nzima, kama mwiba wa samaki.

Jumapili ya mdahalo wa mwisho mvua ilianza tangu adhuhuri, na siku ya mvua katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za mtaa, ni siku ya kukaanga maandazi bapa kwa mafuta ya ng'ombe. Ayelén alikuwa anakanda unga simu ilipotetemeka. Akaigusa kwa kiwiko, kisha kwa kidole chenye unga.

Guadalupe alikuwa ametuma kadi ya bingo, ile ya visanduku vya kutia alama kila jambo lililoandikwa linapotokea. Kila mdahalo ulikuwa na kadi zake, watu walizitengeneza kwa mamia, lakini hii aliitengeneza mwenyewe kwa ajili ya kundi, vizuri, yenye maua pembeni. Visanduku vilisema: *Mimi si mwanasiasa. Bibi yangu alikuwa maskini. Anakunywa maji kabla ya kujibu. Anamkatiza mwongoza mdahalo. Anataja bei ya soya. Anasema "familia" huku amekunja ngumi.* Na katikati, kwa herufi nzito: *NAHUEL WA DARAJANI.*

Chini yake Guadalupe aliandika: *Sheria! Bila kisanduku cha katikati hakuna ushindi. Mshindi tunampeleka kula pizza.*

Ayelén aliosha mikono. Akaandika: *Guada, kitoe hicho cha katikati.* Akafuta. Akaandika: *Huyo ni kaka yangu.* Akayatazama maneno manne yale mpaka yakaanza kuonekana ya mtu mwingine. Akafuta.

*Aye anaandika kitabu,* akasema mmoja kwenye kundi. *Dakika tano sasa anaandika.*

*Ndiyo, nimepata kadi,* akatuma Ayelén. *Ahsante.*

Ilipokaribia saa moja jioni, Rolo aliingia na koti linalotiririka maji na mfuko wa majani ya chai chungu, ile inayonywewa kibuyuni kwa mrija, chini ya kwapa.

"Dada! Umependeza. Huyo Gavazzi akikuona atahamia hapa."

"Vua viatu, mpumbavu wewe. Nimepiga deki."

"Meno ya Gavazzi yatafika kwanza, yeye atafuata na basi la jioni." Rolo akavua viatu, akambusu dada yake, akanyakua andazi moja kwenye sinia na kulirusha mkono kwa mkono maana lilikuwa la moto. "Na wewe mtoto, mbona umenuna? Mtihani?"

"Hapana, Mjomba."

"Mchumba?"

"Rolo, mwache," alisema Zulema. Alikuwa tayari ameketi mbele ya televisheni, magoti yameshikana, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari. Kibuyu cha chai na mrija wake aliviweka pembeni, hakunywa. "Leo nadhani atasema Irigoitia. Yeye ni mama pia. Mara ile ya pili alilisema kwa hasira, lakini leo ni mwisho, atalisema vizuri."

Ayelén akaenda kwenye kigoda chake.

Mdahalo ulianza. Simuni ulikuwa umeanza zamani. *Kanywa maji!* aliandika mmoja. *Kanywa maji na wa pili!* Kisha, televisheni ikafika hapo, na Gavazzi akainua glasi. *Bibi maskini, tayari! Bei ya soya, tayari!* Visanduku vilijaa haraka. Wagombea walizungumza juu ya ushuru, juu ya wezi wa pikipiki, juu ya mahospitali, na kila mmoja alimwambia mwenzake aone haya.

"Bado hawajafika kwenye madaraja," alisema Zulema.

"Bado wanapasha misuli," alisema Rolo.

*Nimebakiza Nahuel tu,* aliandika mvulana mmoja wa kundini. Kisha mwingine: *Na mimi!* Kisha Guadalupe: *Tuko saba tunamsubiri Nahuel, jamani, anachelewa kama basi la chuo.*

Rolo alinyanyuka kwenda kuongeza maji ya moto. Alipita nyuma ya kigoda, akasimama. Ayelén alihisi pumzi yake juu ya kichwa na hakuwahi kukifunika kioo. Kadi ilikuwa wazi, na kile cha katikati ndicho peke yake kilichobaki cheupe.

Rolo aliinama akasoma. Birika lilikuwa linanung'unika.

"Hao ni nani?" akauliza chini chini.

"Wenzangu wa chuo. Hawajui."

"Zima."

"Nikizima, nitajuaje kabla yake?"

Rolo akamtazama, kisha akaitazama shingo ya dada yake, iliyonyooka mbele ya mwanga wa televisheni. "Asije akaiona hiyo," alisema. "Utakuwa umemzika mtoto mara ya pili." Akamimina maji, akarudi sebuleni, akaanza kupiga kelele kuhusu nywele za Gavazzi, kwamba hazikuwa nyeupe vile mwezi uliopita, kwamba mtu mzima anajipaka uzee kwa brashi.

"Nyamaza, nasikiliza," alisema Zulema.

Ikafika zamu ya maneno ya mwisho. Gavazzi akaanza. Aliitazama kamera kama mara ya kwanza, kwa macho yale yale, na Zulema akasogea mbele hadi ukingoni mwa kiti. Lakini simu ilikuwa imekwisha kusema. *Hakumtaja!* *Ametunyima!* *Gavazzi msaliti, nilikuwa naionja ile pizza!* Ayelén aliyasoma huku mama yake bado anatumaini, na nusu dakika ile ambayo aliiona kama zawadi sasa ilikuwa kama kushika kamba ambayo upande wa pili imekwisha kukatika.

Gavazzi alimaliza. Alisema mustakabali, alisema kazi, alisema Mungu.

"Hakusema," alisema Zulema.

"Huyo amechoka, dada. Ona macho yake."

"Atasema Irigoitia."

*Mtajeni Nahuel!* aliandika mtu. *Mtajeni, mtajeni, mtajeni!* Kundi zima likaichukua, kama uwanjani. *Mama Irigoitia usituangushe. Tunamngoja Nahuel. Hatulali bila Nahuel.*

Kisha: *ANAKUJA! Kasema "kijana mmoja"!*

Ayelén alishika mlango. Kwenye televisheni Irigoitia alikuwa bado anawashukuru wenyeji. Mama alikuwa bado hajui. Kwa mara ya kwanza Ayelén akajikuta na yeye anaomba, pamoja na wale wote, pamoja na Guadalupe na kadi yake ya maua. Sema. Tafadhali sema, hata kama watacheka.

*Tobías?*

*Tobías ndiye nani?*

*Yule aliyeuawa akiporwa pikipiki wiki iliyopita.*

*Wamebadilisha marehemu!!*

*Refa! Huyu hayumo kwenye kadi!*

"Nataka kumaliza," ilisema televisheni, "kwa kumkumbuka kijana mmoja. Kijana wa jimbo letu, ambaye jioni hii alipaswa kuwa mezani na mama yake."

Zulema aliunyaka mkono wa Rolo. "Sasa," alinong'ona. "Sasa, sasa."

Ayelén hakukumbuka kuinuka. Alijikuta katikati ya sebule, mbele ya televisheni, mikono imening'inia.

"Mwanangu, toka hapo. Wewe si dirisha."

"Mama, nilikuwa nataka..."

"Toka, Ayelén! Unaniziba!"

Waya ulikuwa karibu na mguu wake. Angeukanyaga, angeuchomoa, angesema umeme, mvua. Mama yake angebaki na jina ambalo karibu litajwe, na angeweza kukaa na hilo mpaka uchaguzi, na hata baada yake. Lakini Zulema alikuwa anamtazama kwa uso ambao hakuwa ameuona tangu utotoni, uso wa furaha iliyokuwa tayari mlangoni, na midomo ile myekundu imeachana kidogo. Ayelén hakuweza kuuzima kwa mguu. Akasogea.

"Aliitwa Tobías," alisema Irigoitia.

Irigoitia alisema alichokuwa nacho cha kusema kuhusu Tobías, kuhusu polisi na taa za barabarani, akakunja ngumi, akasema familia. Wimbo wa mwisho wa kipindi ukapigwa. Rolo alinyoosha mkono akapunguza sauti.

"Tobías ni nani?" aliuliza Zulema.

"Yule wa pikipiki, dada. Wa juzi juzi tu. Kule kwenye viwanda."

"Ah." Alilitafakari kidogo. "Na yeye ana mama."

"Ana mama, ndiyo."

"Basi naye amekaa mahali sasa hivi." Zulema alipitisha mgongo wa mkono midomoni, rangi ikamwachia mstari hadi shavuni. "Leo ilikuwa zamu yake. Sisi tumekwisha, Rolo. Si ndivyo? Kwetu kumekwisha."

"Usiseme hivyo. Hao ni malaya wa kura, kesho watamsahau na huyo."

"Ndicho ninachosema."

Ayelén alikuwa amesimama na simu kifuani. Mama yake aligeuka akamwona, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia ndani ya nyumba.

"Na huko kwenu? Kwenye simu? Mbona inalia hivyo?"

Ilikuwa kweli, ilikuwa inatetemeka bila kupumzika.

"Watu wanazungumzia mdahalo, Mama."

"Kuna hata mmoja anayemkumbuka?"

Rolo alimwangalia Ayelén, akatikisa kichwa kidogo sana. Ayelén alifungua mdomo aseme hapana, au aseme sijui. Badala yake akasema, "Wengi. Wamemngoja mpaka mwisho."

"Unanidanganya."

"Sikudanganyi."

"Nisomee."

Miwani ya Zulema ilikuwa juu ya televisheni, na hakuifuata. Alikuja akasimama ubavuni mwa binti yake, bega kwa bega, akikiangalia kioo kama mtu anavyoangalia samaki ndani ya maji. Ayelén alipandisha maandishi kwa kidole gumba. Pizza aliiruka. Refa alimruka.

"*Tunamngoja Nahuel*," alisoma.

"Nani kaandika hiyo?"

"Guadalupe, yule tunayekaa naye dawati moja."

"Mtoto mwema. Endelea."

"*Mtajeni Nahuel. Mtajeni, mtajeni.* Huyu mwingine anasema, *Mbona hamkumtaja Nahuel.* Huyu, *Hatulali bila Nahuel.*"

"Hatulali," alirudia Zulema. Alishika ukingo wa meza. "Rolo, umesikia? Watoto wa watu, hata hawakumjua." Akacheka kidogo, akavuta makamasi. "Waandikie, mwanangu."

"Niandike nini?"

"Waambie mama yake anawashukuru."

Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki ile ya kudondoka kutoka kwenye mabati. Rolo aliinama kufunga viatu ambavyo hakuwa amevivaa. Ayelén angeweza kuandika lolote. Angeweza kugusa kioo hapa na pale, akasema tayari, na mama yake angeamini, angekwenda kulala ameamini. Aliviweka vidole vyake juu ya herufi. Vilikuwa bado vinanukia mafuta ya maandazi.

*Mimi ni dada yake Nahuel,* aliandika. *Mama yuko hapa pembeni yangu. Anawashukuru kwa kumngoja.*

Hakuyatazama sana maneno. Akatuma.

"Umetuma?"

"Nimetuma, Mama."

Simu iliacha kutetemeka. Kisha juu ya kioo yakatokea maneno *Guadalupe anaandika*, yakapotea, yakarudi, yakapotea tena. Kisha, badala ya jibu, mstari mmoja wa zamani ukageuka kijivu: *Ujumbe huu umefutwa.* Ukafuata mwingine juu yake. Kadi ya maua ikatoweka. Stika ya wiki mbili zilizopita ikatoweka. Wote walikuwa wanafuta, kila mmoja chake, kwa haraka, na mistari ya kijivu ilipanda kioo kizima, na katikati yake kakabaki kale kauso ka manjano ka Ayelén mwenyewe, peke yake, kanatoa machozi.

"Naona vinasogea," alisema Zulema. "Wanajibu?"

"Wanaandika, Mama."

"Wengi hivyo?"

"Wengi."

Zulema aliegemeza kichwa chake begani kwa binti yake. Kilikuwa kizito na chenye joto, na rangi ya mdomo ikagusa kitambaa cha blauzi. "Nisomee tena ile ya kwanza," alisema. "Ile ya yule rafiki yako."

Ayelén alipandisha kioo hadi pale ujumbe huo ulipokuwapo, sasa mstari wa kijivu tu. Akakiinua kidogo karibu na uso, kama mtu anayetafuta mwanga.

"*Tunamngoja Nahuel*," alisoma.